Steringi, Adui na Jina la Marehemu

Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, miaka ile ya mwishoni mwa tisini, sheria zilikuwa mbili tu: hela unatoa mlangoni, na steringi hafi. Tulikuwa tunabanana kwenye mabenchi, TV iko juu ya kabati, na mtafsiri anaongea Kiswahili juu ya sauti za Wazungu, huku akiongeza na ya kwake. Picha ikiisha tunatoka tumelowa jasho, na njia nzima mpaka nyumbani hatumzungumzii steringi. Tunamzungumzia adui. Alivyopanga mambo yake, alivyowachezea polisi, alivyocheka. Steringi tulimpenda, sawa, lakini adui ndiye tuliyemwiga.

Naanzia huko kwa sababu nataka kuandika kuhusu picha moja ambayo adui wake ana akili kuliko wengi niliowahi kuwaona, na kuhusu kosa nililolifanya kazini ambalo picha hiyo ilinikumbusha bila huruma. Picha yenyewe inaitwa Time After Time. Ilitoka mwaka 1979, ikaongozwa na Nicholas Meyer, kutokana na hadithi ya Karl Alexander. Mimi nimeiona ukubwani, nikiwa likizo, kwenye kompyuta, usiku ambao nilitaka kitu chepesi cha kunipa usingizi. Sikupata usingizi. Tahadhari: nitasimulia mpaka mwisho.

Tunaanzia London, mwaka 1893. H. G. Wells, yule mwandishi, bado ni kijana, na amewaalika marafiki zake chakula cha usiku ili awaonyeshe kitu alichokijenga chini ya nyumba yake: mashine ya kusafiria wakati. Wells wa kweli aliiandika tu, kitabu chake kikatoka mwaka 1895. Huyu wa kwenye picha ameiunda. Mmoja wa wageni amechelewa kufika. Ni Dokta John Leslie Stevenson, daktari wa upasuaji, mtu wa heshima zake, ambaye Wells hajawahi kumshinda kwenye sataranji. Kabla karamu haijaisha polisi wanagonga mlango. Usiku huo kuna mwanamke ameuawa, na dalili zote zinaonyesha ni kazi ya yule muuaji wa Whitechapel, Jack the Ripper. Wanapekua nyumba. Ndani ya mkoba wa daktari wanakuta glovu zenye damu. Daktari mwenyewe haonekani. Baadaye Wells anashuka chini na kugundua kilichotokea: rafiki yake ameondoka na mashine. Polisi wanamtafuta mitaani, kumbe mtu ameshahama karne.

Hapo ndipo picha inapokuwa ya kipelelezi. Mashine ina ufunguo maalumu, na msafiri asipokuwa nao, mashine inarudi yenyewe ilikotoka. Stevenson hakuwa nao, kwa hiyo mashine ikarudi, na Wells akapanda kumfuata. Anatokea San Francisco, mwaka 1979, ndani ya jumba la makumbusho, katikati ya maonyesho yanayomhusu yeye mwenyewe. Ana suti ya karne ya 19, hajui gari wala simu, na kwenye mgahawa inabidi amwige mteja aliyemtangulia ili apate chakula. Lakini kichwa chake kinafanya kazi. Anajiuliza: mtu aliyefika hapa na pesa za Kiingereza za zamani ataanzia wapi? Benki. Basi anazunguka benki moja baada ya nyingine mpaka anampata Amy Robbins, mfanyakazi wa dirisha la kubadilishia fedha, ambaye anamkumbuka yule bwana na hoteli aliyomwelekeza.

Sisi tuliokulia kwa Willy Gamba na Joram Kiango upelelezi huu tunaujua: hakuna miujiza, ni kuuliza tu, na kutembea sana. Kuna hata kichekesho cha kutufaa. Wells anapozungumza na polisi wa San Francisco, anajitambulisha kwa jina la Sherlock Holmes, akidhani baada ya miaka karibu 90 hakuna atakayelijua. Nilicheka sana. Jina hilo lilivuka bahari mpaka Unguja, Muhammed Said Abdulla akampata Bwana Msa na kiko chake. Lingewapotea polisi wa Marekani?

Sasa twende kwenye chumba cha hoteli, maana ndipo uzito wa picha ulipo.

Wells ni mtu wa matumaini. Amewaambia marafiki zake kwamba baada ya vizazi vichache tu vita, uhalifu na umaskini vitakwisha, na binadamu ataishi kwa akili. Ndiyo maana amemfuata Stevenson mbiombio: anaamini amemwachia chui kwenye zizi la kondoo. Anamkuta hotelini, anamwambia arudi naye akahukumiwe. Stevenson hapigi kelele wala hatoi kisu. Anawasha televisheni. Anabadilisha chaneli, moja, nyingine, nyingine. Vita. Milipuko. Mauaji. Watu wanapigana na wengine wanashangilia. Anamweleza rafiki yake kwamba katika nchi hii mtu anaingia dukani ananunua bunduki. Kisha anamweleza kwamba kule walikotoka yeye alikuwa kituko, lakini huku ni mwanafunzi tu. Amefika nyumbani. Asiye na kwao hapa ni Wells.

David Warner, aliyeigiza kama Stevenson, anayasema haya kwa utulivu kabisa, kama daktari anayekusomea majibu ya vipimo. Na tatizo ni kwamba Wells hana jibu. Mimi pia sikuwa nalo. Adui wa kawaida anakushinda kwa bastola. Huyu anakushinda kwa hoja, na ushahidi wake ni taarifa ya habari.

Nilisimamisha picha, nikaenda kuchemsha chai. Taarifa ya habari ndiyo kazi yangu.

Nilipoendelea ikaja sehemu ya pili iliyonimaliza kabisa. Amy haamini hadithi za mashine, na nani angeamini? Wells anampandisha na kumpeleka siku tatu mbele. Wanaokota gazeti, na kwenye gazeti hilo Amy anasoma habari ya kuuawa kwake mwenyewe.

Wengi wakiiona sehemu hiyo wanasisimka. Mimi nilizima kompyuta. Kuna mtu ninayemjua aliyesoma habari ya kifo chake gazetini, na niliyeiandika ni mimi.

Ilikuwa mwaka 2012. Nilikuwa nimetoka chuo si muda mrefu, nimepangiwa habari za polisi na mahakama kwenye gazeti ambalo silitaji, katika mji ambao pia nauacha. Asubuhi moja tukapata taarifa: mwanamke ameuawa usiku kwenye nyumba ya kupanga. Nikafika. Vyumba sita, choo kimoja uani, watu wamejaa mpaka barabarani, mwili umeshachukuliwa. Nikamuuliza jirani wa kwanza: chumba hiki cha nani? Akanitajia jina, dada mmoja anayeuza nguo. Nikamuuliza wa pili, akanitajia jina lile lile. Polisi walikuwa bado hawajatoa jina. Jioni mhariri wa zamu akaniuliza, "Jina umethibitisha?" Nikamjibu ndiyo, vyanzo viwili. Darasani tulifundishwa vyanzo viwili. Hatukufundishwa kwamba vyanzo viwili vinaweza kuwa vinajibu swali moja lililoulizwa vibaya. Niliuliza chumba cha nani. Sikuuliza nani alilala humu jana.

Na kwa kweli, jina la marehemu siku ile halikuwa limenikalia kichwani. Kilichonikalia ni muuaji. Majirani walisema hakuna aliyemwona akiingia wala akitoka, mbwa hawakubweka, mlango haukuvunjwa. Nikaandika kwamba alipita kama kivuli. Mhariri akalipenda neno hilo, akalipandisha kwenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa, na kesho yake redio zikalidaka. Mpaka wiki inaisha watoto wa mtaani walikuwa wanatishana kwa jina la Kivuli. Nilijisikia vizuri, siwezi kudanganya. Nilikuwa nimempa adui jina.

Siku ya tatu simu ya mezani ikaita, nikaitiwa.

"Habari za kazi, dada. Wewe ndiye uliyeandika ile habari ya mauaji?"

"Nzuri. Ndiyo, ni mimi."

"Mimi ndiye yule marehemu wako."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Alikuwa amesafiri mpakani kufuata mzigo wa nguo, simu imezima chaji, amerudi akapitia kwao kijijini, na aliposhuka kwenye basi akakuta turubai limefungwa nyumbani kwa baba yake. Wanawake wamekaa kwenye mikeka. Alipoonekana, kuna waliokimbia. Mama yake alianguka akapelekwa hospitali. Aliyasema haya bila kunitukana, kama anayenihesabia. Kisha akaniuliza, "Na mwenzangu? Mwenzangu mmemwandika wapi?"

Aliyeuawa alikuwa rafiki yake, aliyekuja kulala pale siku mbili kumkimbia mwanamume aliyekuwa anampiga. Ndugu zake walikuwa hawajui chochote. Wangejuaje? Gazeti lilikuwa limeshatangaza marehemu mwingine. Siku tatu nzima familia moja ilimlilia mtu aliye hai, na familia nyingine ilikuwa inakula, inalala na kucheka, huku mtoto wao yuko mochwari bila jina.

Kivuli naye alikamatwa baada ya wiki moja. Alikuwa yule yule mwanamume. Hakuvunja mlango kwa sababu aligonga akafunguliwa na mtu aliyemjua. Mbwa hawakubweka kwa sababu nyumba ile haikuwa na mbwa, nami sikuhesabu. Alipatikana akijaribu kuuza simu ya marehemu kwa fundi simu. Akili yote ile niliyomvisha haikuwa yake. Niliishona mimi.

Ndipo ninapomrudia Jack the Ripper. Mwezi Septemba mwaka 1888 shirika la habari mjini London, Central News Agency, lilipokea barua iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Mwandishi wake alijidai kuwa ndiye muuaji, akatia sahihi jina ambalo mpaka leo dunia nzima inalijua. Miaka mingi baadaye maofisa wakubwa wa polisi waliandika kwamba waliamini barua ile ilitungwa na mwandishi wa habari. Yaani adui maarufu kuliko wote, anayewapa watu picha na vitabu mpaka leo, jina lake pengine lilitoka kwenye meza kama yangu. Hakuna aliyewahi kumkamata, kwa hiyo kila kizazi kinamvisha akili kinayoitaka. Mara ni daktari, mara ni mtu wa ukoo wa kifalme. Katika picha hii ni bingwa wa sataranji.

Wanawake watano wanaohesabiwa kuwa waliuawa naye mwaka ule ni Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Ilibidi nikatafute. Nilikuwa nimeona picha na kusoma hadithi nyingi za muuaji wao, na sikuwa najua hata jina moja. Mwaka 2019 Hallie Rubenhold alitoa kitabu, The Five, ambacho kinaeleza walivyoishi na kuacha kusimulia walivyokufa. Stride alizaliwa Sweden. Chapman aliwahi kuolewa na mwendesha magari ya farasi, wakapata watoto. Mambo madogo, lakini ukishayajua huwezi tena kumshangilia adui kwa moyo mweupe.

Kesho yake nikaimalizia picha. Wells na Amy wanarudi nyuma wakiwa na kitu ambacho hakuna mpelelezi mwingine aliyewahi kuwa nacho: gazeti la kesho kutwa. Wanajua atakayekufa. Wanapanga, wanahangaika, Wells anakamatwa na polisi, na mauaji yanatokea hivyo hivyo. Kumbe aliyekufa si Amy. Ni Carol, mfanyakazi mwenzake, aliyekuja nyumbani kwake kula chakula cha usiku. Gazeti lilikosea jina.

Niliirudisha sehemu hiyo mara tatu. Watu wanaoipenda picha hii wanaisifu hapo kwa namna ilivyotuzunguka, na ni kweli ilituzunguka. Lakini mimi niliona jambo jingine. Gazeti lilisema Amy, kwa hiyo kila mtu akahangaika na Amy. Hakuna aliyemfikiria Carol, kwa sababu hakuandikwa. Lingekuwa na jina sahihi, angalau wangejua ni nani wa kumwambia asije usiku ule.

Na hapa ndipo ninapoilaumu picha niliyoipenda. Wells akigundua kuwa Amy yuko hai, anafurahi, nasi tunafurahi naye, na hadithi inakimbilia kwenye pambano la mwisho: Stevenson amemshika Amy, anataka ufunguo ili asifuatike tena. Kwenye mashine kuna kipande ambacho kikichomolewa, msafiri anatupwa kwenye wakati usio na mwisho bila mashine. Wells anakichomoa. Adui anapotea. Amy anaondoka na Wells kwenda London ya zamani, na tukijua kwamba Wells wa kweli alimwoa mwanamke aitwaye Amy Catherine Robbins mwaka 1895, tunatabasamu. Yote yamekaa vizuri. Carol je? Hakuna anayemlilia. Hakuna hata anayemuuliza Amy, "Vipi mwenzako?" Picha iliyomshambulia adui kwa kuzoea damu nayo imempita maiti mmoja kama mtu anayeruka dimbwi.

Kibanda umiza kilitufundisha neno la mwokozi na neno la muuaji. Kwa yule anayekufa hatukuwa na neno. Tulikuwa tunasema tu "yule demu aliyeuawa mwanzoni."

Rafiki zangu tukizungumzia picha za mashine ya wakati wanapenda kuulizana: wewe ungerudi wapi? Mmoja anataka kumwona babu yake, mwingine anataka kununua kiwanja kabla bei haijapanda. Mimi najua saa na meza. Ningerudi mwaka 2012, saa moja jioni, kabla ukurasa haujafungwa. Kumzuia muuaji nisingeweza, mimi si steringi, na kufikia saa hiyo alikuwa ameshafanya yake. Ningeuliza tu swali moja zaidi, na kama nisingepata jibu ningeandika habari bila jina.

Mashine hiyo haipo, kwa hiyo siku hizi, nikiwa mhariri, nawasumbua vijana wangu. Jina hili amekupa nani? Na yeye amelipata kwa nani? Umeongea na ndugu? Wananiona mnoko. Sawa tu.

Kuhusu yale masahihisho, tuliyachapa ukurasa wa sita, mistari mitatu, chini ya tangazo la viwanja. Tulitaja jina sahihi, na tukamalizia kama magazeti yote yanavyomalizia: tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Wiki iliyofuata akaja kaka yake marehemu. Alikuwa amesafiri usiku kucha. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa kiti.

"Binti, nimeambiwa kuna gazeti lenye jina lake."

Nikamletea. Alianza na ukurasa wa kwanza, nikamwonyesha wa sita. Akasoma amesimama, kidole kikifuata mistari. Kilipofika mwisho kikasimama.

"Usumbufu," alisema.

Sikuwa na la kumjibu. Aliomba nakala ya pili kwa ajili ya mama yao. Nikampa, akazikunja zote mbili vizuri, jina likiwa upande wa ndani ili lisichafuke njiani, akaziweka kwenye mfuko wa koti.